Ruzuku kwa vikundi vya kuhifadhi vyanzo vya maji na ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila vikundi vinapokaa kuzungumzia pesa: kamati za maliasili za vijiji, jumuiya za watumia maji, akina mama wenye vitalu vya miche, wazee wanaolinda misitu ya jadi. Mengi yanahusu Tanzania Bara, na panapohusika Kenya tumetaja. Viwango vya ruzuku na tarehe za maombi hubadilika, kwa hiyo vithibitishe na mfuko wenyewe kabla hujaanza kuandika.

## Mambo ya mwanzo

Ruzuku ina tofauti gani na mkopo?

Ruzuku hairudishwi, lakini pia si pesa ya kikundi kujipangia kitakavyo. Ni pesa ya kazi iliyoandikwa kwenye mkataba, na kila shilingi hutolewa hesabu. Ikibaki baada ya kazi, mikataba mingi hutaka irudishwe au iombewe kibali cha kuitumia kwa jambo jingine.

Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, si ruzuku. Ni mkopo usio na riba. Ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Tunawasihi akina mama na vijana wasiuchukue kwa kupanda miti ya asili kwenye chanzo cha maji, kwa sababu mti huo hautaleta marejesho. Uchukueni kwa mizinga ya nyuki au kitalu cha miche ya kuuza, kisha kazi ya chanzo iombeeni ruzuku.

Hatuna usajili. Tunaweza kuomba?

Kwa jina lenu, kwa kawaida hapana. Mfuko unatia saini mkataba na chombo kinachotambulika kisheria na chenye akaunti ya benki. Tanzania, mlango wa karibu zaidi ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri: mnapeleka katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na muhtasari wa mkutano wa kuanzisha kikundi. Kenya, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10, na usajili hufanyika kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii.

Njia ya muda ni kuomba kupitia asasi iliyosajiliwa ambayo itapokea pesa kwa niaba yenu. Ikiwa mtaifuata, andikianeni makubaliano kabla ya ombi kutumwa: nani atanunua vifaa, nani atatunza risiti, asasi itakata kiasi gani kwa uendeshaji. Vikundi vingi huja kuona bajeti yao wenyewe mradi ukiwa umekwisha, na hilo linavunja moyo kuliko kunyimwa.

Sisi ni kamati ya maliasili ya kijiji. Lazima tusajili kikundi kingine?

Si lazima. Kamati ni chombo cha halmashauri ya kijiji, na halmashauri ya kijiji ina hadhi ya kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Mwombaji basi ni kijiji, na kamati ni mtekelezaji. Hakikisheni tu pesa za mradi zina akaunti yake au leja yake, zisichanganywe na michango ya zahanati na madawati.

Jumuiya ya watumia maji na chombo cha watoa huduma ya maji ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kwenye andiko la mradi, yaani maelezo ya maombi mnayopeleka kwa mfuko, kunamfanya msomaji aone hamjui mko wapi. Jumuiya ya watumia maji inatokana na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Kazi yake ni mto na chanzo: kugawana maji, kusuluhisha ugomvi wa juu na chini ya mto, kulinda kingo. Iko chini ya bodi ya maji ya bonde, na Tanzania ina mabonde tisa. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinatokana na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Kiko chini ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kazi yake ni bomba, tangi, kilula na makusanyo.

Kwa ruzuku ya kuhifadhi lindimaji, yaani eneo linalokusanya maji ya mto, jumuiya ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi. Lakini chombo cha huduma kinachokusanya ankara kila mwezi kinapaswa kuchangia kazi hiyo, maana bila chanzo hakuna cha kuuza. Barua yake ya kuchangia, hata kama kiasi ni kidogo, hupendwa sana na wafadhili.

## Pesa iko wapi

Ni mifuko gani hasa inatoa ruzuku kwa vikundi vya ngazi ya kijiji?

Unaofahamika zaidi ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia (GEF), inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, na awamu ya nane ya GEF imekipandisha hadi 75,000, ingawa ruzuku nyingi huwa chini sana ya kikomo. Kamati ya kitaifa ndiyo inayochagua miradi, na wengi wa wajumbe wake hutoka nje ya serikali. Kila nchi ina mkakati unaotaja maeneo ya kipaumbele. Someni mkakati huo kwanza: mradi mzuri ulio nje ya eneo lililotajwa hukataliwa bila kosa lolote la waombaji.

Tanzania kuna Mfuko wa Misitu (TaFF), uliowekwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, unaotoa ruzuku za viwango tofauti kwa vijiji, vikundi, asasi na watafiti. Kuna pia Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki (EAMCEF), wenye makao Morogoro, ulioanzishwa 2001. Huu ni mfuko wa amana: mtaji wake umewekezwa na faida ndiyo inayotumika. Ndiyo maana umeendelea kuwapo wakati miradi mingi ya wafadhili imekuja na kuondoka. Vijiji vinavyopakana na misitu ya Uluguru, Usambara, Udzungwa na milima mingine ya Tao vimepata kupitia mfuko huu ufugaji nyuki, mabwawa ya samaki, ng'ombe wa maziwa na vitalu.

Kenya, jumuiya za watumiaji wa rasilimali za maji (WRUA) zinapata pesa kupitia hazina ya sekta ya maji, WSTF, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Hapo sharti ni moja na halikwepeki: uwe na mpango wa kusimamia lindimaji dogo lenu, uliokubaliwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mpango wa FLLoCA, wa kugharamia kazi za tabianchi zinazoongozwa na jamii, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola milioni 150, unapitisha pesa serikali za kaunti. Kikundi hakiombi moja kwa moja. Kinapeleka hoja yake kwenye kamati ya tabianchi ya wadi. Kama hamjui nani anawakilisha wadi yenu kwenye kamati hiyo, kazi ya kwanza ni kumtafuta.

Ametokea mtu anasema atatuandikia andiko kwa ada, na nyingine tutalipa mfuko ukikubali. Tulipe?

Msilipe "ada ya fomu" wala "ada ya kufungulia faili". Mifuko tuliyoitaja hapo juu haiuzi fomu. Mtaalamu wa kuwasaidia kuandika anaweza kulipwa kwa kazi yake, lakini anayedai asilimia ya ruzuku itakayopatikana anawaweka pabaya: malipo hayo hayana mahali kwenye bajeti, hivyo mtalazimika kudanganya kwenye risiti ili mumlipe. Mkaguzi akija, anayeulizwa ni mwenyekiti na mhazini wenu, si yeye.

Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, nayo ni ruzuku?

Hapana. Ni mauzo, yenye mkataba wa miaka mingi. Inaweza kuwa njema sana: watu wa Gazi, kaunti ya Kwale, wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja, na tangu 2013 mapato ya kaboni yamesaidia maji na shule za vijiji vyao. Bonde la Yaeda, Tanzania, Wahadzabe wamepata mapato kwa kulinda msitu wao. Ila kabla ya kijiji kusaini, someni nani anamiliki kaboni, mgawanyo wa mapato ukoje, na itakuwaje moto ukiteketeza msitu. Tanzania ina kanuni za biashara hii za mwaka 2022, na mkataba ambao haukupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji usipewe hata muhuri.

## Ardhi na maji kabla ya pesa

Kwa nini mfuko unauliza mambo ya ardhi wakati sisi tunataka kupanda miti tu?

Kwa sababu mti uliopandwa kwenye ardhi yenye mgogoro haufiki mwaka wa pili. Hili ndilo jambo tunalolisisitiza kuliko yote kwenye ukurasa huu: malizeni kwanza suala la ardhi, kisha tafuteni pesa. Mnachotakiwa kuonyesha ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji wenye eneo la chanzo likiwa limetengwa, sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kisha zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na muhtasari wa mkutano huo wenye sahihi za waliohudhuria. Kijiji ambacho hakina mpango kinaweza kuombea ruzuku ya kuuandaa, na ombi la namna hiyo ni la maana kuliko la miche 20,000 isiyo na mahali pa kwenda.

Angalieni pia wafugaji. Ikiwa chanzo ndicho mahali pao pa kunyweshea wakati wa kiangazi, na hawakuwapo kwenye mkutano, huo mkutano haujafanyika. Panga njia ya mifugo na birika la kunyweshea chini ya chanzo, na gharama yake iingie kwenye bajeti.

Mita 60 zinahesabiwaje, na waliomo ndani wanafanywaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Msipime wenyewe kwa hatua. Ombeni ofisi ya bonde ije iweke vigingi, maana kigingi chao kina nguvu mbele ya baraza na mahakama.

Kuhusu mwenye shamba ndani ya eneo hilo: hakuna mfuko wa maana utakaolipia kuwafukuza watu, na andiko linalosema "wavamizi wataondolewa" hurudishwa. Kaeni na kila mwenye shamba kwa jina lake. Wengi hukubali kuacha jembe wakipewa muda na mbadala: majani ya malisho ya kukatia ng'ombe, mizinga, au kipande kingine kilichotengwa na kijiji. Yale mliyokubaliana yaandikwe, yasainiwe mbele ya serikali ya kijiji, na bodi ya bonde ipewe nakala.

Tunataka kupanda mikoko. Kuna la ziada?

Ndiyo. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya serikali, hivyo hata kupanda kunahitaji makubaliano na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Barua yao iambatane na ombi.

## Andiko na bajeti

Andiko liandikwe kwa lugha gani?

Mifuko ya ndani hupokea Kiswahili, na Programu ya Ruzuku Ndogo katika nchi mbalimbali imepokea hata maombi ya video na picha. Ulizeni. Hata pale Kiingereza kinapotakiwa, liandikeni kwanza kwa Kiswahili, mlisome mkutanoni, ndipo litafsiriwe. Andiko ambalo wanachama hawawezi kulisoma si lao, na hilo hugundulika siku wageni wanapokuja kuwatembelea na kumuuliza mama wa kitaluni mradi unahusu nini.

Mchango wa jamii ni pesa taslimu?

Si lazima. Nguvukazi, mawe, mchanga, samadi, eneo la kitalu na muda wa doria vyote vinahesabiwa. Kinachotakiwa ni kumbukumbu. Wekeni daftari la mahudhurio lenye tarehe, jina, kazi iliyofanyika na sahihi, na kubalianeni mapema siku moja ya kazi inathaminiwa shilingi ngapi kwa bei ya vibarua wa hapo kijijini. Daftari lililojazwa siku moja kwa kalamu moja kwa miezi sita iliyopita linajulikana kwa kuliangalia tu.

Bajeti zetu zinaharibikia wapi zaidi?

Kwenye mwaka wa pili. Bajeti ya kawaida ya kitalu huwa na viriba, mbegu, udongo wa msituni, samadi, ndoo za kumwagilia, chekecheke, usafiri wa kupeleka miche na siku ya uzinduzi yenye turubai na kipaza sauti. Kisha inaishia hapo. Haina palizi, haina uzio wa miiba, haina mtu wa kuwafukuza mbuzi, haina miche ya kujazia mapengo. Miche inapandwa Machi, picha zinapigwa, na Agosti panakuwa uwanja. Badala ya miche 10,000 iliyoachwa, ombeni miche 3,000 yenye palizi mbili na mlinzi kwa misimu miwili. Na kiashiria cha mafanikio kiwe miche iliyo hai baada ya miezi 18.

Kosa la pili ni kalenda. Miche mingi hukaa kitaluni miezi minne hadi sita. Mnaotegemea masika, kama pesa haijafika kufikia Septemba au Oktoba, miche haitakuwa tayari mvua ikianza. Andikeni hivyo kwenye ratiba waziwazi, ili ucheleweshaji wa malipo usigeuke kuwa lawama kwenu.

Na si kila uhifadhi unataka miche. Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 ulirudisha uoto kwa kufufua ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike. Dodoma watu wanafanya kisiki hai: kuchagua machipukizi yenye nguvu kwenye visiki vilivyomo shambani, kupogolea mengine na kulinda yaliyobaki. Kwenye miteremko, fanya juu (matuta ya udongo unaotupwa upande wa juu wa mtaro) na makinga maji huzuia udongo kwa jembe na sepetu. Njia hizi ni za bei nafuu, na pesa nyingi ya bajeti itakwenda kwenye mafunzo na ulinzi. Msione haya kuomba kidogo.

Miti gani isiwekwe kwenye chanzo?

Mikaratusi. Inakunywa maji mengi mno, na bado tunakutana nayo kwenye maombi kwa sababu inakua haraka na inauzika. Ikae kwenye mashamba ya miti, mbali na chemchemi. Kwenye chanzo wekeni miti rafiki wa maji ya eneo lenu: mikuyu, mizambarau ya porini, na mingine ambayo wazee wataitaja mkiwauliza ni ipi iliyokuwapo kabla hapajakatwa.

Posho zinaruhusiwa?

Nauli na chakula cha siku ya mafunzo, kwa kawaida ndiyo. Posho ya kikao kwa viongozi kujadili mradi wao wenyewe, mifuko mingi haikubali, nasi tunaona wako sahihi.

## Pesa ikishaingia

Watia saini wawe nani?

Wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja, na angalau mmoja awe mwanamke anayeshiriki kazi kwa kweli. Pesa hutolewa kwa awamu, na awamu inayofuata inategemea ripoti ya iliyotangulia. Kwa hiyo mtia saini aliyehamia mjini anaweza kuwakwamisha msimu mzima. Mabadiliko ya watia saini yapitishwe mkutanoni na kupelekwa benki wiki hiyohiyo.

Muuza samadi hana mashine ya risiti. Tufanyeje?

Kwa vitu vya dukani, daini risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Kwa samadi, mawe au vibarua, tumieni hati ya malipo: tarehe, jina la aliyelipwa, alichouza, kiasi, sahihi au dole gumba, na shahidi. Mkubaliane na mfuko juu ya fomu hiyo kabla ya kuanza. Msitafute risiti ya duka kwa kitu kilichotoka zizini. Hiyo ni kughushi, hata kama pesa ilitumika vizuri.

Mvua haikunyesha na miche imekauka. Tunarudisha pesa?

Hapana, ikiwa mmesema mapema. Andikeni barua yenye picha, elezeni hali, na pendekezeni kuhamisha pesa iliyobaki, kwa mfano kwenda kwenye makinga maji au kufunga eneo lijiotee. Subirini jibu la maandishi kabla ya kutumia. Wafadhili wanaujua ukame. Wasichosamehe ni kuukuta kwenye ripoti ya mwisho.

Mwenyekiti ametumia pesa ya mradi. Tumwambie mfadhili?

Ndiyo, tena mapema. Itisheni mkutano, andikeni muhtasari, sitisheni saini yake benki, toeni taarifa kwa Afisa Mtendaji na kwa mfuko. Tunafahamu ugumu wake: huyo ni jirani, pengine ni mjomba wa nusu ya wanachama. Lakini kikundi kilichojitangaza chenyewe kina nafasi ya kuendelea. Kilichoficha hufungiwa, na kijiji kizima hubeba jina hilo kwa miaka.

## Hali za pekee

Mto wetu unapita wilaya mbili. Nani aombe?

Jumuiya ya watumia maji inayofuata mto, ikiwa ipo. Ikiwa haipo, kijiji kimoja kiombe, vingine viweke makubaliano ya maandishi yanayotaja sehemu ya kila kimoja. Ofisi ya bonde ihusishwe tangu mwanzo, kwa kuwa mpaka wake ni mto na si wilaya.

Tunalinda msitu wa jadi. Tutaandikaje bila kutoa siri?

Elezeni faida zinazoonekana, yaani chemchemi, ndege, miti, eneo kwa hekta, na utaratibu wa wazee wa kuulinda. Mahali pa ibada hapahitaji ramani wala picha, na mna haki ya kuliweka hilo kwenye mkataba. Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, na wazee wa kaya bado ndio wanaosema nani aingie na wapi.

Wafadhili wawili wamekubali mradi uleule. Tuchukue zote mbili?

Mnaweza, mradi kila mmoja ajue kuhusu mwenzake na kila risiti ihesabiwe mara moja tu. Gaweni kazi: mmoja kitalu, mwingine mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huo ndio utangulie (tazama sehemu ya ardhi hapo juu).

Tumekataliwa. Tuombe tena?

Kwanza ombeni sababu kwa maandishi. Kama ni eneo au kipaumbele, andiko hilohilo lipelekeni kwingine. Kama ni ardhi, sheria ndogo au hesabu, rekebisheni hilo kabla ya kugusa sentensi hata moja ya andiko. Wakati mnasubiri, endeleeni na zile kazi zisizohitaji mfadhili: doria, kufunga eneo, kikao cha kila mwezi, daftari. Mwombaji mwenye daftari la mwaka mzima wa kazi isiyolipwa huangaliwa kwa jicho jingine.